Kinga ya Mkono na Kinga ya Otomatiki: Uhakiki wa Michezo ya Upanga ya Kompyuta

Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta katika ukurasa huu uhakiki wa riwaya, tamthilia au diwani. Safari hii naomba radhi, kwani ninachokihakiki hakina kurasa wala jalada. Ni michezo ya kompyuta, ile ambayo wanafunzi wetu huiita magemu, na hasa ile ya kupigana kwa upanga. Wala sitaihakiki kwa kila kipengele chake. Nitashughulikia jambo moja tu: namna mchezaji anavyojikinga na pigo la mpinzani wake.

Sababu ya kuandika ni hii. Muhula uliopita, katika somo la istilahi, niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kazi ya kueleza kwa Kiswahili shughuli yoyote wanayoipenda nje ya darasa, bila kukopa neno pale ambapo lugha ina lake. Wengi waliandika kuhusu mpira, mapishi na ususi. Kijana mmoja aliandika kuhusu mchezo wa vita uitwao Mount & Blade: Warband. Alipowasilisha kazi yake, ubishi ulizuka. Yeye alidai kwamba mchezaji anayeiachia kompyuta kazi ya kukinga hachezi bali anatazama tu. Mwenzake akamjibu kwamba anayeukataa msaada huo anajitesa kwa kiburi. Kipindi kikaisha, wao wakaendelea kubishana njiani hadi mkahawani. Mimi nikarudi ofisini sina jibu, na mwalimu asiye na jibu hana budi kwenda kusoma. Katika jambo hili, kusoma kulikuwa ni kucheza.

Makala haya ni matokeo ya kucheza huko. Hoja yangu kuu ni kwamba kinga ya otomatiki si kosa, na kinga ya mkono si fadhila. Kinachostahili kuhakikiwa ni bei: otomatiki imemwondolea mchezaji kazi gani, na imemtoza nini badala yake?

Maneno kwanza

Kabla ya kuendelea, tukubaliane juu ya maneno, maana nusu ya ubishi wa wale vijana ilitokana na kutumia neno moja kwa mambo mawili.

Kukinga ni kuweka kitu kati yako na kile kinachokujia. Twakinga mvua kwa mwavuli, na twakinga maji ya mvua hiyo hiyo kwa ndoo. Anayekinga hasogei; anakipokea kinachokuja. Kupangua ni jambo jingine. Nilipokuwa Dar es Salaam nikisoma shahada ya uzamili, nililisikia neno hili kila Jumamosi katika matangazo ya mpira redioni: kipa amepangua. Kipa aliyepangua hakuudaka mpira wala hakuuzuia kwa kifua. Ameufikia kwa wakati wake na kuutupa pembeni. Ndivyo afanyavyo mpiganaji hodari wa upanga. Tena tuna kukwepa, ambako mwili ndio unaoondoka njiani, na tuna chenga, yaani kujifanya unakwenda huku kumbe unakwenda kule. Istilahi zote nne tunazo, na hatukulazimika kukopa hata moja. (Mwanafunzi asichanganye hapa na kinga ya methali ya kinga na kinga ndipo moto uwakapo; hiyo ni kijinga cha moto, ingawa panga mbili zikigongana nazo hutoa cheche.)

Kuhusu otomatiki na mkono, nimefuata tusemavyo juu ya magari. Gari la otomatiki hujibadilishia gia lenyewe. La gia za mkono humtaka dereva aisikilize injini. Kinga ya otomatiki, basi, ni ile ambayo mchezo humfanyia mchezaji, nzima au sehemu yake. Kinga ya mkono ni ile anayoifanya mwenyewe kwa vidole vyake.

Maswali matatu ya kinga

Wale vijana wawili walizungumza kana kwamba kinga ni kitendo kimoja, ama unakifanya ama unafanyiwa. Nilipocheza nikagundua kwamba ndani yake mna maswali matatu, na mpiganaji huyajibu yote kwa kufumba na kufumbua. La kwanza: nikinge au nisikinge? Pengine ni afadhali kukwepa, au kumwahi mpinzani kwa pigo. La pili: nikinge lini? Mapema mno, mpinzani atabadili nia; kuchelewa kidogo, nimekwisha. La tatu: nikinge upande gani? Juu, chini, kushoto au kulia?

Mchezo unaosemwa kuwa na kinga ya otomatiki mara nyingi umejibu swali moja au mawili kwa niaba ya mchezaji, ukamwachia lililobaki. Kwa hiyo kuuliza kama mchezo ni wa mkono au wa otomatiki hakutoshi. Hatuna budi kuuliza ni swali gani limechukuliwa. Tuutumie mzani huu kuipima michezo michache.

Prince of Persia (1989)

Huu ndio mchezo wa upanga wa kwanza nilioucheza, nikiwa kijana, kwenye kompyuta ya ofisini kwa mjomba wangu baada ya saa za kazi. Uliundwa na Mmarekani Jordan Mechner kwa kompyuta ya Apple II na kutolewa mwaka 1989. Ili mhusika wake atembee kama mtu, Mechner alimpiga picha za video mdogo wake, David, akikimbia na kuruka, kisha akazifuatisha picha hizo moja moja. Kwa mapigano ya upanga alitumia pambano la Errol Flynn na Basil Rathbone katika filamu The Adventures of Robin Hood ya mwaka 1938.

Hapa kinga ni ya mkono. Mpinzani akirusha pigo, unabonyeza kishale cha juu, panga zinagongana, nawe unapata nafasi ya kurudisha. Swali la upande halipo, kwani wapiganaji wote wawili huonekana kwa ubavu na pigo huja kwa njia moja. Kinachobaki ni lini. Mhusika huanza na pembetatu tatu tu za uhai, na ana dakika 60 kumwokoa binti mfalme, hivyo kila kosa lina uzito.

Hata hivyo, uhodari wa Mechner umo katika swali la kwanza, la kukinga au kutokukinga. Katikati ya mchezo mhusika hurukia kioo cha kichawi, na kivuli chake kikatoka upande wa pili kikakimbia. Karibu na mwisho hukutana nacho kimeshika upanga. Kila pigo unalokipiga kivuli hicho linakupunguzia uhai wewe mwenyewe. Jibu ni kuurudisha upanga alani na kukiendea. Hapo wawili hao huwa mmoja tena. Jambo hili lina nguvu kwa sababu tangu mwanzo upanga umekuwa mkononi mwa mchezaji. Kama mchezo ungekuwa unakinga wenyewe, kuuweka upanga chini kusingekuwa uamuzi wa mtu yeyote.

Jedi Outcast (2002)

Mfano wa upande wa pili kabisa ni Star Wars Jedi Knight II: Jedi Outcast, kazi ya kampuni ya Raven Software ya Marekani. Mhusika wake, Kyle Katarn, hupigana kwa upanga wa mwanga. Akiwa hashambulii, upanga huo humpangulia wenyewe risasi za maadui zinazomjia kwa mbele, na kadiri hadithi inavyosonga ndivyo uwezo huo unavyopanda daraja. Mchezaji habonyezi kitu. Maswali ya lini na upande gani yamechukuliwa yote mawili.

Je, huyu anatazama tu? La hasha. Bei ipo, nayo ni ya wazi: anapoinua mkono kushambulia, kinga yake hulegea. Kwa hiyo swali la kwanza limebaki, tena limekuwa zito kuliko kwingine kote: nishambulie sasa, au nitulie nikingwe? Isitoshe, otomatiki hii inaafikiana na mhusika. Katika hadithi za Star Wars, shujaa wa aina hii huongozwa na hisi inayotangulia mawazo. Kumlazimisha mchezaji alenge kila risasi kwa kidole kungemgeuza kuwa karani wa risasi. Hapa kinga ya otomatiki imetumikia maana ya hadithi, nami naipa alama nzuri.

For Honor (2017) na Sekiro (2019)

Michezo hii miwili naiweka pamoja kwa sababu kila mmoja umechukua swali ambalo mwenzake ameliacha.

Katika For Honor, uliotengenezwa na Ubisoft huko Montreal, Kanada, mchezaji akishamlenga mpinzani huelekeza silaha yake juu, kushoto au kulia. Pigo likija upande huohuo, hukingwa bila kubonyeza kitu kingine. Swali la lini limeondolewa. La upande gani limebaki. Anayetaka zaidi ya kukinga, yaani kupangua na kumyumbisha mpinzani, hana budi kubonyeza kitufe cha pigo zito kwa wakati barabara. Tena wapo wahusika wepesi wa aina ya wauaji wa siri ambao kinga yao haikai: wakishaielekeza hudumu kitambo kidogo kisha hufifia. Kwa mchezo mmoja, basi, otomatiki ina madaraja, na anayechagua mhusika amechagua pia kiasi cha msaada na bei yake.

Sekiro: Shadows Die Twice, wa kampuni ya Kijapani FromSoftware, umefanya kinyume. Kitufe cha kukinga ni kimoja, na upanga huenda wenyewe upande unaotakiwa. Hakuna anayekuuliza kushoto au kulia. Lakini swali la lini limenolewa hadi likawa kama wembe. Ukikishikilia kitufe, unakinga, ila mizani ya mwili wako inaharibika kidogo kidogo hadi unayumba. Ukikibonyeza wakati ule ule chuma kinapogusa chuma, umepangua, na mizani inayoharibika ni ya mpinzani. Kukinga na kupangua, maneno tuliyoyatenganisha hapo juu, mchezo huu umeyatenganisha kwa kitufe kimoja na sehemu ndogo ya sekunde.

Aidha, yapo mapigo yasiyokingika kwa kushikilia kitufe. Kabla hayajafika, huonekana juu ya kichwa cha mhusika herufi moja nyekundu ya Kijapani yenye maana ya hatari. Herufi hiyo haisemi ni hatari gani. Kama mpinzani anafagia miguu, inakupasa uruke. Kama anachoma, inakupasa umpangue au uukanyage upanga wake. Mchezo unakuonya, lakini haukusomei. Naona huu ndio msaada bora kabisa katika michezo yote niliyoicheza: ishara inayomwambia mchezaji atazame, kisha inamwacha atazame mwenyewe.

Mount & Blade: Warband (2010)

Sasa tuurejee mchezo ulioanzisha ubishi. Warband ni kazi ya TaleWorlds, kampuni ya Ankara, Uturuki, nao ulifuata Mount & Blade ya kwanza ya mwaka 2008. Wanafunzi wetu huupenda kwa sababu unakubali kompyuta dhaifu. Mchezaji huanza akiwa mtu wa kawaida katika nchi ya kubuni iitwayo Calradia, akakusanya wafuasi, na akijaliwa akawa bwana mkubwa.

Upanga hapa una mapigo manne: la juu, la kushoto, la kulia na la kuchoma. Kinga nazo ni nne. Mchezaji hubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na kukisogeza kipanya upande anaotaka kukinga. Mwenye kushambulia naye ana chenga: anainua upanga juu, unakinga juu, anaghairi, anakukata ubavuni. Katika mapambano ya watu kwa watu kupitia mtandao, ambako umaarufu wa mchezo huu ulijengwa, hayo huwa mazungumzo kamili: swali, jibu, swali la mtego, jibu lililokosewa.

Lakini katika mchezo wa peke yako upo uchaguzi ndani ya mipangilio. Unaweza kuamuru upande uchaguliwe na kompyuta. Hapo unabonyeza kitufe tu, na upanga unakwenda panapostahili. Swali la lini limebaki. La upande gani limeondoka.

Mimi nilianza hivyo. Kwa mwezi mzima nilicheza kila jioni baada ya kusahihisha madaftari, na nikajiona shujaa. Nilikuwa napigana kwa upanga wa mikono miwili, bila ngao. Siku moja yule kijana wa kwanza alikuja ofisini kuchukua kazi yake, akaniona, akaomba ruhusa, akaifungua mipangilio na kuizima otomatiki. "Sasa jaribu, Mwalimu," akasema. Nikakutana na majambazi wenye marungu, adui wanyonge kuliko wote mchezoni, watu niliokuwa nikiwatawanya kama kuku. Wakaniangusha. Katika mchezo huu mhusika wako hafi. Huzirai, na akizinduka huenda akajikuta mateka. Jioni ile nilizirai mara nyingi.

Kilichonishangaza hakikuwa kushindwa. Kilichonishangaza ni kwamba sikujua mpinzani anafananaje anapotaka kupiga. Mwezi mzima nilikuwa nimemtazama bila kumwona. Nilipokwenda kufanya mazoezi katika viwanja vya mapambano vilivyomo katika miji ya Calradia, ndipo nilipoanza kuona: mkono ukipanda juu ya bega, ni pigo la juu, kiwiko kikivutwa nyuma, anachoma, na kulia kwake ni kushoto kwangu. Alama zote hizo zilikuwapo tangu siku ya kwanza. Sikuwa na haja nazo, basi macho yangu yalizipita.

Hapo ndipo penye kasoro ya Warband. Kinga hiyo ya otomatiki haina bei inayoonekana. Haipunguzi nguvu, haichoki, haikuambii kwamba kuna kitu hukijifunzi. Linganisha na ngao ndani ya mchezo huo huo. Mwenye ngao hukingwa na mapigo yote manne yanayomjia kwa mbele, bila kuchagua upande. Ngao, kwa hakika, ndiyo otomatiki ya kale. Lakini ngao inapigwa, inapasuka, na shoka huivunja upesi zaidi. Mchezaji anasikia mbao zikilia, naye anajua kwamba msaada huu una mwisho na kwamba itafika saa atabaki na upanga peke yake. Msaada wa ngao unamwandaa kwa siku ya kuukosa. Ule wa mipangilio haumwandai kwa lolote.

Hoja za upande wa pili

Haki inanitaka nizitaje hoja zinazonipinga, na darasani zilitolewa vizuri kuliko nilivyotarajia.

Ya kwanza inahusu mada ya mchezo. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba Warband haukusudii kumfanya mtu bingwa wa upanga. Unakusudia kumfanya kamanda. Katika vita vikubwa uwanja huwa na askari wengi, nawe unaamuru wapiga mishale washike kilima na wapanda farasi wazunguke. Anayehangaika na kushoto na kulia ya jambazi mmoja atapoteza jeshi zima. Hoja hii naikubali. Ikiwa jambo kuu ni jeshi, macho ya kamanda yana kazi nyingine, na otomatiki imeyapa nafasi. Ndiyo maana sisemi uchaguzi huo uondolewe.

Ya pili ni nzito zaidi. Msichana aliyekuwa kimya tangu mwanzo aliuliza, "Mwalimu, na yule ambaye vidole vyake havimtii?" Darasa likanyamaza. Ni kweli. Wapo watu wenye mikono iliyoumia, wenye mishipa isiyokubali haraka, na wazee. Kwao kinga ya otomatiki si njia ya mkato. Ndiyo mlango wenyewe. Mhakiki anayeufunga mlango huo ili kulinda heshima ya waliokwisha kuingia hana hoja, ana majivuno. Sekiro ulipotoka mwaka 2019, mjadala mkubwa uliibuka kwa sababu hauna kiwango chepesi cha kuchagua. Waliosema kwamba ugumu ndio maana yake walikuwa na hoja. Waliosema kwamba mtu asiyeweza kupita mlangoni haioni hiyo maana nao walikuwa na hoja.

Jibu langu ni kwamba bei ninayoitaka si adhabu. Sitaki mchezaji anayesaidiwa apunguziwe nguvu au achekwe. Nataka aambiwe. Mchezo ungeweza kumwonyesha, kwa alama ndogo kando ya skrini, pigo limetoka upande gani na upanga wake umekwenda wapi. Asiyeweza kufanya zaidi ya hapo amepata mchezo wake kamili. Anayeweza ameanza kufundishwa pasipo kujua. Warband ulikuwa na mahali pa kufanya hivyo, haukufanya. Uliuficha uchaguzi ndani ya mipangilio kana kwamba ni suala la sauti na mwanga.

Sisi na darasa letu

Walimu wenzangu watakuwa wamekwisha kuona ninakoelekea, kwa hiyo sitakawia.

Katika idara yetu pana mjadala wa muda mrefu: je, katika mtihani wa mazungumzo mwanafunzi aruhusiwe kuwa na jedwali la ngeli mbele yake? Wanafunzi wetu hawa, ambao wengi wao hapa Kampala hawakisikii Kiswahili nyumbani, huogopa kukosea mbele ya watu, na jedwali huwapa ujasiri. Kwa miaka mingi nimekuwa upande wa kuruhusu. Wenzangu wengine husema jedwali liondolewe kabisa tangu mwaka wa kwanza.

Baada ya jioni zile za kuzirai, nimeona kwamba pande zote mbili tulikuwa tukibishana kama wale vijana. Jedwali linajibu swali moja tu, la upande gani: mizigo huchukua i- na si zi-. Mwanafunzi mwenye jedwali atasema mizigo imefika. Mwanafunzi huyohuyo akikutana na dereva wa lori kutoka Mombasa, pasipo karatasi, atasema mizigo zimefika, na hatajua kwa nini dereva ametabasamu. Amelitazama jedwali miaka miwili, hajawahi kuisikiliza sentensi. Hilo ni kosa letu zaidi kuliko lake, kwa kuwa tulimpa kinga isiyo na bei. Lakini kumnyang'anya jedwali siku ya kwanza ni kumpeleka kwa majambazi bila ngao, na wengi wakishaangushwa mara mbili hawarudi.

Pendekezo langu, ambalo nitalileta katika kikao cha idara, ni kuligeuza jedwali liwe ngao inayochakaa. Mwaka wa kwanza mwanafunzi alitazame apendavyo, lakini kila anapolitazama aweke alama pembeni ya ngeli aliyoitafuta. Alama hizo zisimpunguzie maksi. Zimwonyeshe yeye na mwalimu wake ni wapi hajaanza kusikia. Mwaka wa pili alitazame mara tatu tu katika mtihani mzima. Mwaka wa tatu alifunike. Na mwanafunzi mwenye sababu ya kiafya ya kulihitaji siku zote aachiwe siku zote, bila maelezo mbele ya wenzake.

Hitimisho

Katika makala haya nimejaribu kuonyesha kwamba kinga katika michezo ya upanga ni maswali matatu, na kwamba michezo hutofautiana kwa swali inalomwachia mchezaji. Prince of Persia ulimwachia uamuzi wa kuuweka upanga chini. Jedi Outcast uliyachukua mengi lakini ukatoza bei inayoafikiana na hadithi. For Honor na Sekiro ilinoa swali moja kila mmoja. Warband ulikuwa na ngao, msaada wa kweli, kisha ukaweka kando yake msaada mwingine usiomwambia mtu kitu.

Wale vijana wawili bado wanabishana. Wa kwanza sasa anakubali kwamba kamanda ana haki ya kusaidiwa. Wa pili amezima otomatiki, eti kwa kujaribu tu. Mimi nimeweza kusimama mbele ya majambazi watatu bila ngao, si kila mara, na nikiwakabili mmoja mmoja. Bado nikiona chenga huwa naikinga chenga yenyewe, pigo la kweli likanikuta ubavuni. Lakini sasa, angalau, naliona likija.